Karibu na Nani?

Nimechoka na mzaha mmoja. Unajirudia kwenye simulizi za safari, kwenye hadithi fupi na kwenye vichekesho vya mitandaoni: mtu wa mjini kaenda kijijini, kauliza njia, kajibiwa "karibu tu hapo", katembea masaa mawili kwenye jua la utosi, soli ya kiatu imebanduka, na mwisho wa hadithi sote tunacheka. Tunamcheka nani? Si mgeni. Mgeni tunamhurumia. Tunamcheka aliyejibu, mzee wa watu ambaye eti hajui kilomita ni kitu gani.

Mimi mzaha huu nimeusikia mara nyingi zaidi ukisimuliwa juu ya watu wa Kusini, Ruangwa na Nachingwea hasa, na ndiyo maana leo nimekuja na ugomvi. Nausema mapema ili anayetaka kuondoka aondoke: "karibu" ya Nandagala ndiyo Kiswahili kizima. Iliyoharibika ni "karibu" ya ofisini na ya magazetini, ambayo sasa imeingia na vitabuni mwetu. Sisi tunaojiita watu wa fasihi tunaicheka ile nzima na kuinakili ile mbovu.

Kwa asiyeijua, Nandagala iko wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, nchi ya Wamwera. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Wengi mmelisikia jina hilo kwenye taarifa ya habari kwa sababu ndiko nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015. Huko nitarudi. Kwanza tusimame barabarani, mahali mzaha unapoanzia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetokea wapi?"

"Natokea Lindi. Eti mjini Ruangwa ni mbali kutoka hapa?"

"Aa, mbali wapi! Karibu tu hapo."

Mazungumzo ya namna hii yanatokea kila siku, na anayeyaandika kwa kejeli huwa hajayasikiliza. Bibi hakusema "karibu" peke yake. Kasema "hapo". Kiswahili kina hapa, kina hapo, kina pale, na kila mwanafunzi wa darasa la tatu anajua kwamba "hapo" ni mahali palipo upande wa msikilizaji, au mahali ambapo wawili hawa wameshapataja na wote wanapajua. Bibi angetaka kusema umbali tu angesema "pale", na angelikuwa mbali kweli angelivuta, "paleeee", sauti ikipanda na mdomo ukichongoka kuelekea upande wa mji. Mwenye sikio anajua kwamba urefu wa ile "e" ni kipimo. Wapo waandishi wanaopoteza ukurasa mzima kueleza mandhari na hawajawahi kuisikia hiyo "e" ikirefushwa.

Kwa hiyo kwa kusema "hapo", bibi kakuingiza kwenye kundi la watu wanaopajua Ruangwa. Kakufanya mwenyeji kabla hujaomba. Halafu wewe unakwenda kuandika kwamba kakudanganya.

Na hiyo "karibu" yake inapima nini? Inapima mwendo wa mtu. Ni mahali unapoweza kwenda ukarudi jua lingalipo, ambako njiani kuna watu, kuna maji ya kuomba, na ukichelewa kuna mlango wa kubishia hodi. Mahali hapohapo panaweza kuwa karibu mwezi wa 7 na pakawa mbali mwezi wa 3, masika ikiwa imeshika na bonde limejaa. Na panaweza kuwa karibu kwa msiba na mbali kwa mkutano wa hadhara. Msemaji wa kijijini anajua vizuri sana kwamba kilomita hazibadiliki. Anapitishwa hizo kilomita kwa miguu, atakosaje kujua? Anachokijibu ni swali ulilouliza. Hukuuliza kilomita ngapi. Uliuliza kama ni mbali.

Sasa tuingie ndani ya neno lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kamusi hupanga maana kwa namba: ya kwanza, si mbali, ya pili, takribani, ya tatu, tamko la kumpokea mgeni. Namba hizi zinatudanganya kwamba kuna maneno matatu yaliyofanana sauti kwa bahati. Ni neno moja. Asili yake ni Kiarabu, mzizi wa ukaribu, na mzizi huo umetuzalia ukoo mzima: takribani, akraba (yaani ndugu wa damu) na hata kurubani, ile sadaka mtu anayoitoa ili asogee kwa Mungu wake. Kiarabu cha vitabuni humpokea mgeni kwa "marhaban", neno ambalo ndugu zetu wa pwani walilichukua wakaligeuza jibu la shikamoo. Kumpokea mgeni, Waswahili wakaona halitoshi. Wakachukua neno la "si mbali". Huko Ghuba nako mpaka leo mwenyeji humhimiza mgeni asogee kwa mzizi huohuo.

Ndiyo kusema "karibu" ya mlangoni haina maana ya "nimefurahi kukuona". Ni agizo: sogea. Ushahidi umo kwenye mkia wa neno. Wakija wengi tunasema "karibuni", na hiyo -ni ndiyo ileile ya njooni, kaeni, leteni. Ni alama ya kitenzi cha kuamrisha, tumeibandika kwenye kielezi na hakuna mwalimu aliyethubutu kutia mkwaju. Ajabu hii ya sarufi inafurahisha kuliko nusu ya mashairi ninayotumiwa.

Agizo la kusogea linamfunga na anayelitoa. Ukisema karibu ukiwa umekalia mkeka, lazima nawe ujisogeze mgeni apate pa kukaa. Ukisema karibu ukiwa kwenye sahani, mkono wako unajivuta kidogo nafasi ipatikane. Ndiyo maana watu wana msamiati wao wa kuitofautisha karibu ya kweli na "karibu ya mdomoni", na hata mtoto anaijua tofauti kwa kuangalia kama mwenyeji ametikisika.

Hebu sasa tuende ofisini.

"Serikali imesogeza huduma karibu na wananchi." Sentensi hii mmeisikia kwenye kila uzinduzi. Mimi sina ugomvi na zahanati, nina ugomvi na sentensi. Maana kulikuwa na wakati ambapo waandishi wa sera walijua kuipa "karibu" mwili. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ukitaka kubishana na karibu hiyo unaweza: unachukua kamba, unapima. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM wa 2007 hadi 2017, uliweka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Nayo ni karibu unayoweza kuihesabu kwa vidole. Sasa sikiliza hotuba za siku hizi uone namba zimekwenda wapi. Mita zimebaki kwenye makabrati. Kilichotoka jukwaani ni "karibu" tupu, haina mita ya mhandisi wala mwendo wa bibi.

Hata mipaka ya utawala imechorwa kwa jina la neno hili. Ruangwa yenyewe ilimegwa kutoka eneo la Nachingwea ikawa wilaya, na sababu inayotolewa kila wilaya inapomegwa ni hiyohiyo, kusogeza utawala karibu. Sawa, ofisi ikiwa Ruangwa badala ya Nachingwea mtu wa Nandagala anapata nafuu ya safari, sikatai. Lakini ofisi ikisogea na mwenye mhuri akawa "yupo mkutanoni, rudi kesho", nani amekaribia nani? Jengo limekaribia. Wanakijiji wanalijua hilo bila kusomeshwa nadharia.

Kuna dada zake. "Tunalifuatilia kwa karibu", yaani tumelisikia. "Hivi karibuni", yaani usituulize tarehe. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote na Kusini tunaifahamu kwa mfano hai. Novemba 2018 serikali iliamua kuzinunua korosho zote yenyewe, kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaingia vijijini kuzibeba. Bei ilikuwa na tarakimu. Mzigo ulikuwa na tarakimu, kila gunia likapita kwenye mizani. Siku ya malipo kwa wengi haikuwa na tarakimu. Ilikuwa "hivi karibuni", na mwaka 2019 ukaingia wapo waliokuwa bado wanaisubiri. Mtu anasubiri ada ya mtoto, anaambiwa neno lilelile alilozoea kumwambia mgeni mlangoni. Mnaona uharibifu? Mwizi wa maneno hachukui neno baya. Anachukua lile ambalo watu wanaliamini.

Hapa atanijibu mtu wa isimu, namsikia tayari: lugha hukua, maana hupanuka, hakuna "karibu" sahihi na isiyo sahihi, kuna matumizi tu. Mwanaisimu mwenzangu, nakubali kwamba maana hupanuka. "Karibu" ilipotoka kwenye umbali ikaenda kwenye mlango, ilipanuka: msemaji aliongeza wajibu juu yake mwenyewe. Ilipotoka mlangoni ikaenda kwenye kipaza sauti ilipunguzwa, wajibu ukaondolewa na utamu ukaachwa. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja, "mabadiliko ya maana", ni uvivu wa kazi.

Na hebu nitoe dukuduku dogo hapa kwa wahariri. "Karibu watu 50 wamekufa" ni sentensi ya ovyo. Nikiisoma haraka naelewa kwamba nusura wafe, wamepona. Andikeni "watu wapatao 50" au "watu karibu 50". Halafu tuna "nusura", tuna "chupuchupu", maneno yenye jasho na mapigo ya moyo ndani yake, yanakaa bure kabatini wakati "karibu" inafanyishwa kazi za watu watatu. Haya, tuendelee.

Nimesema "karibu" inahitaji kitu cha kushikilia. Karibu NA nini? Kisarufi hiyo "na" ndiyo nanga. Ukiiacha, nanga inakuwa mahali aliposimama msemaji. Vivyo hivyo kwa "mbali", na kwa lile neno la kisasa linalotumika kwa adabu, "pembezoni". Lindi na Mtwara ni "mikoa ya pembezoni". Pembezoni mwa nini? Hakuna anayesema, kwa sababu wote wanajua: mwa Dar es Salaam. Nanga imefichwa.

Tazama historia ya Nachingwea uone nanga hii inavyohamishwa. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza ule mradi wao wa karanga, Nachingwea ikawa karibu ghafla. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikalazwa kutoka huko hadi Nachingwea, matrekta yakaja kung'oa vichaka. Mradi ulikufa mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Nachingwea haikuhama hata unyayo mmoja. Ilikuwa karibu na karanga zilizotarajiwa, karanga zilipokosekana ikarudishwa mbali.

Miaka hiyohiyo ya 1960 watu wengine wakaitazama ramani ileile kutoka upande wa pili. FRELIMO walihitaji kambi ya kuwafunza wapiganaji, na Nachingwea, ambayo kwa mtumishi wa Dar ilikuwa mwisho wa dunia, kwao ilikuwa jirani na nyumbani. Ng'ambo ya Ruvuma ndiyo Msumbiji. Ukombozi wa nchi nzima uliandaliwa mahali ambapo sisi tunapaita pembezoni. Mwambie basi mzee wa FRELIMO kwamba Nachingwea ni mbali, akuulize: na nini?

Msinielewe vibaya, sisemi umbali ni jambo la kuwaza tu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulikuwa unaikata nchi vipande viwili wakati wa mvua, na waliolala kwenye foleni ya kivuko hawakuhitaji mwanafalsafa wa kuwaeleza mbali ni nini. Barabara ya Nanganga kwenda Ruangwa ilipoanza kutiwa lami, watu walishangilia kwa haki. Lami inabadilisha "karibu" kuliko shairi lolote. Ninachokataa ni ule mtindo wa kumfanya mtu ajione yuko mbali na mahali alipozaliwa.

Na hapo ndipo narudi kwa Majaliwa, sina nia ya siasa. Alipokuwa Waziri Mkuu, Nandagala iliandikwa magazetini mara nyingi kuliko vijiji vingi vya Lindi: amekagua mradi, amesali, amezungumza na wananchi "kijijini kwake Nandagala". Sikumbuki kuona "kijiji cha pembezoni" kwenye habari hizo. Mahali ni palepale, mikorosho ni ileile. Nanga ilikuwa imehamia huko kwa muda. Kwa hiyo wahariri wanajua kabisa kwamba umbali hutegemea aliyesimama. Wanalijua na wanalitumia pale tu anaposimama mkubwa.

Waandishi wa hadithi nao hawajawa bora. Mwalimu akikosana na mkuu wake, mwandishi anampa uhamisho wa Liwale. Kijana akitoroka madeni, anapotelea "vijiji vya ndani huko Lindi". Binti wa kazi hutokea "kijiji cha mbali Kusini", hakina jina. Kusini yetu ni jela ya wahusika. Jambo hili linaudhi zaidi ukikumbuka kwamba mkoa huohuo wa Lindi ndio uliotupa Ebrahim Hussein, na "Kinjeketile" yake ya mwaka 1969 ni tamthilia inayohusu, juu ya yote, neno linavyomtoka mtu kinywani likawa na nguvu kuliko yeye. Alilitazama tatizo hili akiwa ameiweka nanga yake Kusini, kwa watu wa Maji Maji, na hakuomba radhi kwa kutoanzia Dar. Kabla yake kuna Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi na utenzi wake wa vita hivyohivyo. Nani kati ya wanaoandika leo amewasoma hawa kabla ya kumtuma mhusika wake Liwale?

Wakulima wa huko walifanya kazi nzuri zaidi kuliko sisi. Chama chao kikuu cha ushirika wamekiita RUNALI: Ruangwa, Nachingwea, Liwale. Silabi tatu kutoka wilaya tatu, zimekaa bega kwa bega, na Dar haimo kwenye jina. Nikiulizwa ni tungo gani ya karibuni inayoieleza Kusini bila kuipima kwa rula ya mtu mwingine, nitaitaja hiyo kwanza, na ni jina la chama cha kuuza korosho na ufuta.

Ninapopewa mswada kuusoma na nikakuta "alihamishiwa kijiji cha mbali huko Lindi", huwa naandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mbali na nani? Wengi hukaa kimya. Mmoja alinijibu kwamba msomaji ataelewa tu, mwalimu, usikaze. Kweli, ataelewa kama yuko Sinza. Na yule anayeisoma hadithi hiyo Nandagala, amekaa chini ya mkorosho na simu mkononi, anatakiwa aelewe nini? Kwamba hapo alipokaa yeye ni kule?